Kuku Waliohama Jikoni

Waliotangulia kuhama walikuwa kuku. Siku ya tatu baada ya Magloire kupandisha mbao zake juu ya moto, jogoo na wenzake wanne walitoka jikoni jioni, wakasimama mlangoni wakitazamana, kisha wakaenda zao kulala kwenye mparachichi, mvuani. Constance aliwafukuza warudi ndani. Wapi! Hawakurudi.

"Basi mulale ku mvua, bapumbafu," akawaambia, akafunga mlango.

Nani awaulize kuku? Mtu akiugua kwetu Masisi tunauliza jirani alikuja lini, na mkononi alileta nini. Kuku hatuwaulizi kitu.

Ngoja nianze vizuri, maana jambo hili limesimuliwa vibaya na watu wengi, hasa wale waliokosea. Magloire, mume wa Constance, ni fundi mbao wa kilima kimoja juu ya Nyabiondo. Mkono wake ni mzuri, kichwa chake ni kigumu. Mwaka uliopita alitengeneza mabenchi ya shule kwa mbao mbichi, kwa sababu watoto walikuwa wanakaa juu ya mawe na yeye aliona huruma. Baada ya miezi miwili mabenchi yakapinda, mguu mmoja huku, mwingine kule, mtoto akiandika mwenzake anaanguka. Loo, alichekwa! Hata kwenye harusi, mtu akivuta kiti alikuwa anamwita kwanza: "Magloire, hii haitatuchezesha?" Naye anacheka pamoja nao, lakini nyumbani alikuwa halali.

Mwaka huu upepo ukaangusha misonobari minne, ile miti ya sindano tunayoiita sapini, iliyopandwa zamani kando ya malisho ya ng'ombe. Shule ikapewa miti ile. Wapasuaji wakaipasua mbao, nyeupe, nzuri, zinanukia mpaka kanisani. Magloire akaapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba safari hii mbao zitakauka hadi ndani, na mabenchi yatafika kabla ya Noeli. Lakini ilikuwa Oktoba. Oktoba ya kilima chetu jua linapita kama mgeni mwenye haraka. Ukianika shati Jumatatu, unalivaa bichi Jumapili.

Basi akafanya kama marehemu baba yake alivyofanya. Kwetu kila kitu kinakaukia juu ya moto wa jikoni: mahindi ya mbegu, maharagwe, vikapu, mipini ya majembe. Juu ya mafiga kuna uchanja, na uchanja hauulizi unabeba nini. Magloire akazipanga mbao zote pale, safu juu ya safu. Kisha akaona joto linatoroka kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati. Akakanda udongo, akachanganya na majani makavu, akaziba nafasi yote kuzunguka jiko. Hakuacha hata mahali pa mjusi.

"Sasa joto yote itabakia mu mbao," akamwambia mkewe, anafurahi. "Weye pika tu, Constance. Moto isizimike."

Na Constance akapika. Jikoni ni kwake, tangu asubuhi mpaka jioni, na maharagwe ya kwetu huko juu hayaivi kwa kubembelezwa, yanakula kuni masaa matatu.

Wiki ile ile, Thacienne alikuja na kibuyu cha kasiksi.

Huyu Thacienne ni mjane. Alifika kilimani miaka minne iliyopita akitoka Kalembe, kule mpakani na Walikale, nyumba yake ikiwa imechomwa na mume wake akiwa amezikwa. Akapewa kipande cha shamba chini ya shamba la Constance. Toka hapo wanawake hawa wawili wanalima pamoja, leo kwako, kesho kwangu, na wanagombana kila siku juu ya nani analima haraka. Wanaitana dada. Kuna watu hawakupenda udada huo, wanasema yule si wa hapa. Constance huwajibu kwamba maharagwe ya Thacienne yameota hapa, basi na yeye ni wa hapa.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ina sheria yake. Anayekupa ndiye anayeonja kwanza. Anamimina, anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hiyo ni heshima, na tuseme ukweli, ni uoga pia. Kuna karuho, ile sumu ya polepole, ambayo mtu wa Kivu anaiogopa kuliko risasi. Risasi unaisikia. Karuho wanasema inakukausha taratibu, unakohoa, unakonda, mpaka siku moja watu wanaleta majembe.

Siku ile alikuwepo pia Athanase, kaka mkubwa wa Magloire, mkubwa wa familia nzima. Thacienne akamimina vikombe viwili. Akaviweka mbele ya Athanase na Constance, na kabla hajaonja akasikia mbuzi wake analia ndani ya maharagwe ya watu. "Mungu wangu, mbuzi!" Akatupa kibuyu chini, akatoka mbio, sketi mkononi.

Hakuonja.

Athanase akatazama kikombe chake, akakisukuma pembeni polepole. Constance akanywa cha kwake, kisha akanywa na cha shemeji yake, maana kasiksi ile ilikuwa imeiva vizuri na yeye si mtu wa kumwaga kitu kizuri.

Siku ya tano tangu mbao zipande juu ya moto, kikohozi kikaanza. Kwanza macho yalimwasha, kisha kichwa kikawa kizito, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Akiinama kupuliza moto, anainuka ameshika ukuta. Akawa halali, anakaa kitandani ameshika magoti na kuvuta pumzi. Magloire akamletea asali, akamletea majani. Athanase akaja, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Miye nilikuwa apa," akasema. "Nilimuona kwa macho yangu. Hakuonja."

"Semeki, ile ilikuwa mbuzi," Constance akamwambia shemeji yake, kati ya kikohozi na kikohozi.

"Mbuzi! Moshi haitokake bila moto, mama."

Sitaki umchukie Athanase. Miaka sita nyuma alimzika mke wake, Astrid, aliyekohoa mwaka mzima mpaka akabaki mifupa, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwa nini. Mtu asiyeambiwa sababu anatafuta mwenyewe. Wakati ule Athanase aliipata kwa mama mmoja jirani, Muhawenimana, aliyekuwa akimletea Astrid uji. Wakamfukuza asubuhi moja, sufuria kichwani, na hakuna aliyemfuata hata kumwonyesha njia. Athanase alipata usingizi baada ya hapo. Ndiyo maana sasa alikuwa na haraka.

Jumanne familia ikakaa. Wakasema Thacienne awe ametoka kilimani Jumapili baada ya ibada, arudi kwao Kalembe. Kwao wapi? Kwao pamekuwa majivu. Na njia ya Kalembe wiki ile hata pikipiki zilikuwa zinaikataa, kila kilima kina watu wake wenye bunduki na kizuizi chao. Mwanamke peke yake kwenye njia ile, tusidanganyane, ni kumtuma asifike. Vijana nao walishaanza kusema kwamba Jumapili ni mbali.

Constance hakuitwa kwenye kikao. Alikuwa mgonjwa, wakasema, apumzike. Aliyasikia yote kupitia ukutani. Hasira ikampanda mpaka akasahau kukohoa.

"Banakata maneno juu ya mwili yangu na miye niko ndani ya nyumba," akamwambia mumewe. "Nilisema nani ameniua? Niliwaambia nimekufa?"

"Kaka amesema..."

"Kaka, kaka! Kaka njo anakohoa?"

Mbele ya kaka yake mkubwa Magloire huwa anarudi kuwa na miaka tisa.

Jumatano, kabla umande haujakauka, Constance alishika fimbo akashuka Nyabiondo kituo cha afya. Athanase alikuwa amemletea chupa ya mizizi ya kutapisha karuho. Alipopita shina la ndizi nyuma ya nyumba akalimwagia yote. Njiani alikohoa mpaka mtoni. Alipovuka mto, kikohozi kikapungua. Alipofika chini alikuwa anavuta pumzi kama mtu, akaona aibu hata kusema anaumwa nini.

Josiane, muganga, yaani muuguzi wa pale, ni mwanamke mfupi asiye na maneno ya kupoteza. Akamsikiliza kifua mbele, akamsikiliza mgongoni.

"Bado inapiga filimbi. Lakini homa hauna. Inakukamata saa gani sana?"

"Saa ya kupika. Na usiku baadaye."

"Na njiani?"

"Mupaka ku mutoni. Kisha ikaniacha."

Josiane akavua vyombo vyake masikioni. "Mama, sumu ya tumboni haijue saa. Haingojake mutu aingie mu jiko. Kuna kitu unavuta. Niambie, nini mupya imeingia mu nyumba yako?"

"Hakuna. Kuni ni ile ile, mafiga ni ile ile."

"Rudia, uangalie muzuri. Mashini ya kukuambia sina. Uko na macho."

Mvua ikamzuia, akalala kwa binamu yake pale pale Nyabiondo. Alilala usiku mzima, mgongo chini, kama watu wote. Alipoamka alibaki ameduwaa kitandani. Kisha akaanza kupanda mlima, na kila hatua alikuwa anasema moyoni: kuna kitu, na leo nitakikamata.

Aliingia jikoni mwake kama anaingia kwa jirani. Magloire alikuwa ameacha moto mkubwa ukiwaka na mlango umefungwa, kwa ajili ya mbao. Joto likampiga usoni pamoja na ile harufu, tamu, kali, inayopanda puani mpaka nyuma ya macho. Akaanza kukohoa hapo hapo. Lakini safari hii hakutoka. Alifunika pua kwa kitenge, akatazama kila kitu kimoja kimoja. Mafiga. Kuni. Maji. Sufuria. Juu ya kifuniko cha sufuria kulikuwa na matone ya manjano, yaliyoganda. Akagusa moja, likamnata kidoleni. Akainua macho. Ubao wa chini kabisa kwenye uchanja ulikuwa unatoka jasho, ulimbo unachuruzika kwenye vifundo vyake, unang'aa kwa moto.

Akakumbuka kuku.

Alikimbilia kibanda cha mumewe cha kazi. Akapekua nyuma ya randa na misumeno, akapata ule mkebe ambao Magloire anaoshea brashi za rangi. Akaufungua, akanusa. Yesu Maria! Jiko lake lote lilikuwa ndani ya mkebe ule.

Magloire alipotoka shambani alimkuta amekaa kizingitini, mkebe kwenye paja moja, kifuniko cha sufuria kwenye paja lingine.

"Hii ni nini?" akamwuliza.

"Terebentini. Umeitoa kwa nini?"

"Ukiifungua mu kibanda yako, unafanyaka nini?"

"Minafungua mulango na dirisha. Inazungusha kichwa."

"Banaitoaka mu nini?"

Fundi yeyote anajua terebentini inatoka wapi. Inatoka kwenye ulimbo wa miti ya sindano, hiyo hiyo, na hata kwenye mkebe pamechorwa mti.

"Banaipikaka," Constance akasema. "Si njo vile? Banapika ile ulimbo, mvuke inatoka. Na weye umenifungia ndani na miti ine nzima, umeziba na udongo, umeniambia moto isizimike."

"Baba alikausha mbao mu jiko miaka makumi tatu!"

"Baba alikaushaka sapini?"

Baba yake Magloire alikausha mikaratusi na grevilea, na jiko lake lilikuwa la nyasi, linapumua kila upande.

"Na kuku, Magloire? Kuku nayo ilikunywa kasiksi ya Thacienne?"

Hapo nilitaka kukuambia kwamba Magloire alipiga magoti. Hakupiga. Kiburi ni ugonjwa, nao hautoki kwa siku moja. Alisema mbao haijawahi kuua mtu. Alisema zimebaki wiki tatu tu. Akauliza, je, anataka mabenchi yapinde tena, awe kichekesho mpaka kaburini?

"Minataka dada yangu asitembee mu njia ya Kalembe," Constance akasema. "Sikia. Leo ni Alhamisi. Banasemaka mulozi umupe mutoto akulelee. Miye minamupa mwili yangu. Ninaenda kulala kwa Thacienne mupaka Siku ya Mungu, nitakula mukono yake, nitakunywa maji yake. Nikikufa, mumufukuze. Nikipona, utakuja kusema mbele ya kaka yako ile unajua."

Akakunja mkeka wake, akashuka. Mumewe alibaki ameshika ule mkebe.

Ukadhani Thacienne atafurahi? Alisimama mlangoni, akamzuia kwa mikono yote miwili.

"Rudia kwako, dada! Ukikufia mu nyumba yangu bataniua kabla ya Siku ya Mungu!"

"Sitakufa. Nina njaa. Umepika nini?"

"Sipiki kitu."

"Basi minapika miye, na sufuria ni yako, na chumvi ni yako. Toka apo mulangoni."

Wakatazamana. Kisha Thacienne akaanza kulia, na Constance akaanza kukohoa, na kwa sababu mmoja analia na mwingine anakohoa wakashikana wasianguke, na mwisho wake wakacheka. Wakapika muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa. Jiko la Thacienne ni la matete, moshi unatoka popote unapotaka. Constance alipuliza moto ule ule wa kuni zile zile, macho yakamtoka machozi ya kawaida ya moshi, yale aliyoyazoea toka utotoni, na kifua hakikusema kitu.

Kilichomuumiza ni kingine. Kila tonge Thacienne alilionja kwanza. Kila kikombe cha maji alikipiga funda, mkono unatetemeka, ndipo anampa.

"Acha kuonja," Constance akamwambia.

"Siwezi, dada. Mukono inaenda yenyewe."

Constance akaapa palepale, bila kusema kwa sauti, kwamba kabla ya juma kuisha mkono ule utatulia.

Jumapili baada ya ibada familia yote ikajaa uani kwa Magloire, na majirani, na vijana wenye mikono mifukoni. Thacienne alikuwa ameshafunga mzigo wake, ameketi juu yake. Constance akaingia akitembea sawasawa, uso umerudi rangi. Akasimama katikati, akavuta pumzi ndefu kifua kizima ili wote wasikie. Hakuna filimbi.

Watu wakanong'ona. Athanase akainuka, uso umefunguka kwa furaha ya kweli.

"Mungu ni mukubwa! Munaona? Ile mizizi nilileta imetoa karuho yote!"

"Mizizi yako, semeki, imekunywewa na ndizi," Constance akasema. "Enda nyuma ya nyumba uione. Nayo haijatapika."

Kicheko kikapita. Athanase hakucheka. Constance akawaeleza yote, mto, Nyabiondo, matone juu ya kifuniko, mkebe, kuku. Akamaliza kwa kusema, "Siku tatu nimekula mukono ya huyu mama. Kikulacho kiko mu nguo yako. Sumu iko mu jiko yangu, na bwana yangu njo aliipanga juu, bila kujua."

"Mbao!" Athanase akapiga makofi mara moja. "Mama, miye nilikulia mu moshi ya jiko. Moshi haijaniua, na mbao haijaniua."

Hapo ndipo Constance alipokuwa anamngoja. "Muzuri sana. Basi unisaidie. Nimeweka maharagwe ku moto asubuhi hii, yenye kutosha batu bote. Moto iko, mulango nimeufunga, mbao ziko juu vile vile. Ingia unichungie sufuria. Yakiiva, utoke, na Thacienne aende. Ukitoka mbele ya kuiva, anabakia."

Mwanamume mzima, mkubwa wa familia, kuchunga maharagwe! Lakini kukataa kungekuwa nini? Akavua kofia, akampa kijana mmoja ashike, akaingia. Mlango ukafungwa.

Walingoja. Mwanzoni walisikia anaimba wimbo wa kanisa, kwa sauti nene, ili wajue hana wasiwasi. Ubeti wa kwanza ukaisha vizuri. Ubeti wa pili ukakatwa na kikohozi. Wa tatu haukuanza. Kikohozi kikafuata kikohozi, kikavu, cha kifuani, na kila mtu pale uani alikijua kikohozi kile, maana ndicho walichokisikia kwa Constance wiki mbili. Thacienne akainuka kutoka kwenye mzigo wake.

"Mufungulie!" akasema. "Mutu anaumia!"

Constance alikuwa ameshafika mlangoni. Athanase akatoka ameinama, macho mekundu, kamasi mpaka kidevuni, akashika ukuta palepale Constance alipokuwa anashika. Maharagwe yalikuwa bado magumu.

"Ni moshi tu," akasema alipopata sauti. "Moshi... ya kawaida..."

"Apana, kaka."

Watu wakageuka. Alikuwa Magloire. Toka asubuhi alikuwa amekaa kwenye gogo, hajasema neno. Alisimama.

"Si moshi. Ni terebentini. Minaijua ile harufu, minaishika kila siku. Nilijua tangu Alhamisi. Labda mbele ya Alhamisi. Constance alikuwa anakufa juu ya mabenchi yangu, na miye niliogopa kuchekwa."

Kisha akachukua jembe. Alizunguka jiko, akabomoa ule udongo wote alioukanda kwa mikono yake, pande nne, mpaka mwanga ukaonekana chini ya mabati. Akaingia huku kitambaa kimefungwa puani, akaanza kushusha mbao moja moja, na wale vijana wenye mikono mifukoni wakaitoa mikono yao wakapokea. Wakazipanga nje chini ya ukingo wa paa, fito katikati ya kila ubao na ubao, upepo upite. Zitakauka polepole. Mabenchi hayatafika kabla ya Noeli, na Magloire atakwenda kumwambia mwalimu mkuu mwenyewe, na atachekwa, na hatakufa.

Athanase alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Hakuna aliyemsogelea. Mwishowe aliyemsogelea alikuwa Thacienne. Alifungua mzigo wake, akatoa kibuyu alichokuwa amekifunga kwa safari, akamimina kikombe. Watu wote wakaona anachotaka kufanya. Alipeleka kikombe mdomoni kwake kwanza, kama sheria, na mkono ule ulikuwa unatetemeka mpaka kasiksi ikamwagika kwenye sketi.

"Usionje," Athanase akasema.

Thacienne akasita.

"Lete vile iko, mama."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa chote, bila kupumzika, mbele ya familia yake nzima. Constance alihisi machozi, na hayakuwa ya moshi wala ya ulimbo. Athanase akarudisha kikombe. Alikitazama muda mrefu kabla ya kukiachia.

"Astrid," akasema, "mwaka ile alikuwa anapikia mu ile nyumba ya mabati nilimujengea. Nilifunga madirisha, sababu ya baridi." Nani anajua kilichomuua Astrid? Wala mimi sijui. "Muhawenimana anaishi wapi sasa?"

Jina lile halikuwa limetajwa kilimani miaka sita.

"Banasema iko ku Mubambiro," Constance akasema, "karibu na Sake. Anauzisha ndizi ku barabara."

"Kesho nitashuka."

Thacienne alichukua kibuyu, akakijaza tena mpaka shingoni kutoka kwenye mtungi mdogo wa mzigo wake, akakiziba kwa jani la ndizi na kukiweka miguuni pa Athanase.

"Usiende mikono mitupu," akamwambia. Mkono wake ulikuwa umetulia. "Na ukifika, papa, weye njo uonje kwanza."